Devil's Kettle, Minnesota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mto unaomezwa na shimo

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, naanza kuletewa picha ileile. Mto wenye maji ya kahawia kama chai ya rangi unafika kwenye jabali na kugawanyika mara mbili: upande mmoja maji yanaporomoka kama maporomoko mengine yoyote, upande wa pili yanatumbukia shimoni na hayaonekani tena. Anayeileta huwa mtu wa nyumbani anayeishi Minneapolis au Rochester, au mzazi aliyekuja kuwasalimia watoto wake, na swali lake la kwanza ni kama jambo hilo ni la kweli. Nimekwenda pale mara kadhaa tangu nilipofika jimbo hili kutoka Tanga. Haya ndiyo majibu ninayoyatoa kila mara, ya mwamba na ya safari.

Mahali penyewe ni wapi?

Ni kaskazini-mashariki kabisa mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ndani ya hifadhi ya jimbo iitwayo Judge C. R. Magney, kando ya Ziwa Superior. Mji wa karibu ni Grand Marais; ukishaupita, una kilomita 23 hivi kufika kwenye lango la hifadhi. Mto unaitwa Brule, jina la Kifaransa lenye maana ya kilichoungua. Shimo liko kama kilomita mbili na nusu kutoka mahali mto unapoingia ziwani.

Nikisimama pale nitaona nini hasa?

Utaona jabali la mwamba limesimama katikati ya mto. Tawi la mashariki linalipita na kuanguka mita 15 hivi ndani ya kidimbwi, kisha linaendelea na safari yake kuelekea ziwani. Tawi la magharibi linaanguka mita tatu tu, ndani ya shimo la mviringo lililochimbika kwenye mwamba, na hapo ndipo macho yako yanapokwama. Hakuna kidimbwi kinachofurika. Hakuna mfereji unaotoka upande wa pili. Maji yanaingia kwa nguvu, yanazunguka, yanatoa povu, yanashuka. Mara ya kwanza nilisimama pale karibu saa nzima nikisubiri shimo lijae.

Kwa kimo si maporomoko makubwa. Aliyesimama Nyahururu akayatazama maji ya Thomson's Falls yakishuka zaidi ya mita 70 hatashangazwa na mita 15. Hapa kinachovuta watu ni lile shimo.

Kwa hiyo maji yanakwenda wapi?

Yanarudi mtoni, chini kidogo ya maporomoko. Najua wengi hawapendi kusikia hivyo, kwa hiyo nitaeleza ilivyojulikana.

Kwa miaka mingi watu walikisia. Wapo waliosema kuna mto wa chini kwa chini unaopita ndani ya mwamba hadi Ziwa Superior. Wengine walisema maji yanatokea Canada. Wengine waliupeleka mto huo mbali zaidi. Walioamua kujaribu walimwaga rangi, wakatupa vijiti, wakatupa mipira ya tenisi ya meza, halafu wakaenda kusubiri ziwani. Hawakuona kitu, na kila jaribio lililoshindwa liliifanya hadithi iwe tamu zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 2016 wataalamu wa maji wa Idara ya Maliasili ya Minnesota waliuliza swali lililo rahisi kuliko yote. Badala ya kuuliza maji yanatokea wapi, waliuliza kama kuna maji yanayopungua. Walipima mto juu ya maporomoko, kisha wakaupima tena chini yake. Mto hupimwa hivi: unaukata kwa mawazo vipande vipande kutoka ukingo hadi ukingo, unapima upana na kina cha kila kipande na kasi ya maji yake, unazidisha, halafu unajumlisha vyote. Juu ya maporomoko walipata futi za ujazo 123 kwa sekunde. Chini yake walipata 121.

Tuzigeuze namba hizo ziwe za nyumbani. Juu, kila sekunde yanapita maji ya kujaza madumu 174 ya lita 20. Chini yanapita madumu 171. Tofauti ni madumu yasiyofika matatu, kiasi ambacho vifaa vyenyewe vinaweza kukosea. Kama tawi zima la mto lingekuwa linapotelea ardhini, kipimo cha chini kingeshuka sana, na hakikushuka. Mapema mwaka 2017 idara ikatangaza matokeo hayo.

Vipimo hivyo havikuonyeshi kwa kidole jiwe ambalo maji yanatokea chini yake. Vinaonyesha kwamba yamesharudi mtoni kabla hujatembea mbali. Yanapita chini ya mwamba masafa mafupi na kuibukia ndani ya mto wenyewe, chini ya uso wa maji, mahali ambapo mtu aliye juu haoni chochote cha kumshtua.

Sasa mbona ile mipira haikuonekana tena?

Hili ni swali zuri, na kwangu jibu lake linapendeza kuliko hadithi ya mto wa siri. Lifikirie shimo lile kama kinu. Maji yanayoanguka ndani yanazungusha mawe na kokoto, nayo yanasaga ukuta na sakafu kama mchi usiochoka. Shimo lenyewe lilichimbwa hivyo hivyo, mawe yakizunguka kwa maelfu ya miaka. Ukitupa kijiti au mpira mwepesi humo, unavutwa chini, unazungushwa, unagongwa, unasagwa. Kinachotoka, kikitoka, ni vipande, na vinatoka kwa wakati wake, mtoni, huku wewe umeketi ziwani ukiangalia mahali pengine.

Rangi nayo ina shida yake. Ukimwaga kidogo kwenye mto wenye nguvu namna ile, tena wenye maji ya kahawia, inazimika kabla hujaiona. Wanaopima maji kwa rangi hutumia rangi maalumu na vifaa vya kuinusa ikiwa imebaki chembe tu. Chupa ya rangi ya keki haitoshi.

Nimesikia kuna mtu alisukumia gari mle ndani. Ni kweli?

Nenda ukaitazame njia, utajijibu mwenyewe. Ni ya miguu, ina mizizi, ina miinuko, ina ngazi ndefu za mbao, na mwisho wake ni ukingo wa korongo. Gari halifiki pale labda libebwe.

Mbona kwetu maji huzama ardhini kweli na kutokea mbali?

Ni kweli huzama, na ndiyo maana sisi tunaiamini hadithi ya Devil's Kettle kwa urahisi. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu, Kenya, haina mto wa kuibeba. Inazama kwenye majivu na lava changa ya volkano, inasafiri chini kwa chini kama kilomita 50, na kuibuka kwenye chemchemi za Mzima ikiwa safi kama kioo, pale watalii wanapokwenda kuwatazama viboko. Bomba la Mzima limekuwa likipeleka maji hayo Mombasa tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayefungua bomba asubuhi huenda anakunywa mto ambao hajawahi kuuona ukitiririka juu ya ardhi.

Tanga nako tuna Amboni. Nilipokuwa mdogo tuliambiwa mapango yale yanafika hadi Mombasa, na hakuna mtoto aliyethubutu kubisha. Wapimaji walioingia mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Lakini mwamba wa Amboni ni chokaa, na chokaa huyeyushwa na maji ya mvua polepole mpaka ndani yake yakabaki mapango. Huko maji yana njia.

Ukitaka maporomoko yanayotoweka ardhini kikweli, nenda Yorkshire, Uingereza, kwenye Gaping Gill. Kijito cha Fell Beck kinafika kwenye mdomo wa shimo na kuanguka mita 98 hivi ndani ya ukumbi wa mwamba wa chokaa, kisha kinatokea tena chini ya mlima, karibu na pango la Ingleborough. Mfaransa Édouard-Alfred Martel alikuwa wa kwanza kushuka mpaka chini, mwaka 1895. Siku hizi, mwezi wa Mei na wa Agosti, vyama vya wapenda mapango hufunga winchi na kuwashusha watu wa kawaida.

Mwamba wa Brule ni wa namna nyingine. Miaka bilioni 1.1 iliyopita bara la Amerika Kaskazini lilianza kupasuka hapohapo, kama Afrika Mashariki inavyopasuka leo kwenye Bonde la Ufa. Lava ilimwagika kwa mamilioni ya miaka, kisha mpasuko ukasimama na bara likabaki zima. Lava nyingine ilikuwa nyepesi kama uji. Hiyo ikawa basalti. Nyingine ilikuwa nzito kama ugali unaokaribia kuiva. Hiyo ikawa rayolaiti, na ndiyo iliyolishika lile shimo. Rayolaiti haiyeyuki kwa mvua kama chokaa, wala haiachi mahandaki inapopoa. Mahandaki ya lava, kama pango la Leviathan la Chyulu lenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, huumbika kwenye basalti inayotiririka mteremkoni. Pwani hii ya Superior ina miamba ya basalti iliyo wazi kila mahali, na bado handaki la namna hiyo halijapatikana. Wanajiolojia walikuwa na mashaka na mto wa siri muda mrefu kabla ya vipimo vya 2016: hawakuona ungepita wapi.

Kama fumbo limeshateguliwa, kuna haja gani ya kwenda?

Swali hili huniuma kidogo. Nani huacha kutazama kupatwa kwa jua kwa sababu anajua ni mwezi umepita mbele yake? Nilikwenda kabla ya matokeo kutangazwa, nikaenda tena baadaye, na mara ya pili nilikaa zaidi. Mara ya kwanza nilitazama shimo peke yake. Mara ya pili nilitazama mto wote: nilisimama chini ya maporomoko nikautazama uso wa maji kipande kwa kipande, nikijua kwamba mahali fulani mbele yangu yale madumu yote yalikuwa yanapanda kutoka chini kimyakimya. Sikuona kitu. Lakini nilikuwa nautazama mto kwa namna ambayo sikuwahi kuutazama mto mwingine wowote.

Jina lenyewe linanitia wasiwasi. Kuna mambo ya kishetani pale?

Swali hili huulizwa na wazee, na sipendi vijana wanapowacheka. Tafsiri ya jina ni chungu cha shetani, au birika la shetani. Chungu, kwa sababu maji yanaonekana kama yanachemka ndani ya shimo la mviringo. Ama shetani, walowezi wa Kizungu walikuwa na mazoea ya kumpa kila shimo, kila genge na kila jabali lililowatisha. Marekani imejaa majina ya aina hiyo. Mimi nyumbani kwangu naliita kinu, na watoto wangu wanalijua kwa jina hilo.

Na huyo Magney ni nani?

Clarence R. Magney alikuwa meya wa Duluth kuanzia mwaka 1917 hadi 1920, na baadaye jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya Minnesota. Alipigania ardhi ya pwani hii isiishie mikononi mwa matajiri wachache wenye kununua kila ukingo wa mto. Hifadhi na vituo vya mapumziko 11 kando ya ziwa vina mkono wake. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1957, na mwaka 1963, baada ya kifo chake, ikapewa jina lake. Ukitembea eneo la kambi utaona misingi ya zege iliyobaki. Miaka ya 1930, wakati uchumi wa dunia ulipoanguka, palijengwa hapo kambi ya wanaume wasio na kazi, wakapewa kazi ya kutengeneza barabara na njia na kuzima mioto ya msituni. Huwa nasimama pale kidogo. Vijana waliotoka mbali na kwao kutafuta riziki ni habari ninayoifahamu.

Kutoka Minneapolis ni mwendo gani?

Kama kilomita 450, saa tano za barabarani bila kusimama sana. Unapanda hadi Duluth, kisha unashika barabara namba 61 ukiwa na ziwa mkono wa kulia mpaka mwisho. Ukiondoka saa kumi na moja alfajiri, unafika saa nne au saa tano asubuhi. Inawezekana kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini dereva mmoja asibebeshwe mzigo huo peke yake. Jioni kulungu huvuka barabara, na yuko pia jamaa yao mkubwa mwenye kimo cha farasi, anayeitwa moose. Kugonga mnyama yule si jambo la kusimulia baadaye.

Jaza mafuta Grand Marais. Pakua ramani kabla, kwa kuwa mtandao hukatika njiani. Na usishangae saa ya simu yako ikiruka mbele saa nzima: uko karibu na Canada, na simu ikinasa mnara wa upande wa pili hufuata saa za huko. Nimewahi kuwaharakisha watu gizani kwa sababu ya simu iliyodanganya, kwa hiyo sasa navaa saa ya mkono.

Kuna kiingilio?

Anayelipiwa ni gari, si mtu. Kuna kibali cha siku moja na kibali cha mwaka mzima kinachotumika katika hifadhi zote za jimbo. Ukidhani utatembelea hifadhi nyingine chache, chukua cha mwaka. Gari moja likijaa familia nzima, gharama ya kila mmoja inakuwa ndogo kuliko ya chakula cha njiani. Kwa mwaka kuna siku nne ambazo hakuna anayelipa kibali, na mojawapo ni Ijumaa inayofuata sikukuu ya Thanksgiving.

Msimu upi ni mzuri?

Mwishoni mwa Aprili na mwezi wa Mei theluji inayeyuka na mto unanguruma. Hapo ndipo nguvu ya maji inaonekana kuliko wakati wowote, lakini njia ina matope na ukungu wa maji unaweza kulificha shimo. Juni ni mwezi wa wadudu. Agosti maji hupungua, na ukiwa na bahati ya kiangazi unaweza kuona umbo la shimo lenyewe, jinsi mdomo wake ulivyolainishwa. Mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Oktoba majani yanageuka manjano na mekundu, na wikendi magari ni mengi mno.

Mimi huwapeleka wageni Septemba, siku ya Jumanne au Jumatano.

Majira ya baridi ngazi zinafunikwa na barafu na maporomoko yanaganda. Kama hujawahi kutembea na viatu vyenye meno ya chuma, usianzie hapo.

Mama yangu ana miaka 70. Ataweza? Na watoto?

Kwenda na kurudi ni kama kilomita tatu na nusu. Kwa umbali si kitu kwa mama aliyezoea kwenda shambani kwa miguu. Shida ni ngazi, za mbao, karibu 200, na zinateremka wakati wa kwenda. Maana yake unazipanda wakati wa kurudi, ukiwa umeshachoka na jua limepanda. Wengi wanapima nguvu zao wakiwa wanashuka, na hapo ndipo wanapokosea.

Mama yangu mzazi nilimpeleka. Tulipumzika kila zilipofika ngazi ishirini au thelathini, tukala machungwa, tukaimba. Alipofika alisema, "Haya maji yana adabu ya ajabu, yanaingia bila kuaga." Kama magoti ya mzazi wako hayamsaidii, msimlazimishe, mwambieni abaki chini kwenye meza za mapumziko kando ya mto na mtu wa kuzungumza naye, asiachwe peke yake. Kigari cha mtoto hakifai. Mfungeni mgongoni kwa kanga au mbeleko. Watoto wakubwa wanaipenda sana njia ile, lakini karibu na korongo mkono wa mtoto uwe ndani ya mkono wako.

Naweza kuogelea, au kushuka karibu na shimo?

Hapana. Jukwaa na uzio wa kutazamia vimewekwa kwa sababu. Kila siku ya joto utaona vijana wameruka uzio wakisimama juu ya jabali kupiga picha. Mwamba ule umelainishwa na maji, una ukungu na mwani, na kati yao na kinu hakuna kitu. Tumeona hapo juu kinachotokea kwa kijiti. Ukiwa na mpwa au mdogo wako anayetaka kuonyesha ushujaa, mkaripie mbele za watu ikibidi.

Basi nitupe hata kitu kidogo, nione?

Usitupe. Watu wametupa humo vitu visivyohesabika wakidhani vinakwenda kuzimu, kumbe vinasagwa na kurudi mtoni, na mto unavipeleka kwenye ziwa ambalo miji kadhaa hunywa maji yake. Mpira wa plastiki uliosagwa haujatoweka. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona chupa za maji zikitupwa mle na watu wazima, mmoja wao mtu wa kwetu.

Kuna wadudu au wanyama wa kuogopa?

Mwezi wa Mei mwishoni na Juni kuna usubi, wale inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yanayokwenda kasi. Mtu wa Mahenge au Ulanga akisikia neno hilo anafikiria upofu. Usubi wa huku hauenezi ugonjwa ule. Unauma tu, unavimbisha, na unapenda nyuma ya masikio. Mbu wapo pia. Kupe wapo kwenye nyasi na wengine hueneza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo vaeni suruali ndefu, ingizeni ncha zake ndani ya soksi, na mkifika nyumbani kagueni watoto kwapani na nyuma ya magoti. Dubu weusi wapo msituni na kwa kawaida hukimbia wakisikia sauti za watu. Msiache chakula wazi mezani.

Nibebe karatasi gani?

Mpaka wa Canada hauko mbali, na maofisa wa uhamiaji wanafanya kazi eneo hilo. Sheria ya Marekani inamtaka mgeni aliyefikisha miaka 18 awe na kitambulisho chake cha uhamiaji mwilini mwake, kama vile kadi ya ukaazi. Kibebe chenyewe, picha iliyo kwenye simu haitoshi. Aliyekuja kwa viza awe na pasipoti. Usiendelee mbele bila kuangalia hadi ukajikuta kwenye foleni ya forodha. Barabara namba 61 inaishia mpakani.

Tutakula nini, na tutaswali wapi?

Bebeni chakula. Meza zipo karibu na maegesho, vyoo pia. Anayetaka kuchoma nyama alete mkaa. Kuni kutoka nyumbani haziruhusiwi, kwa kuwa wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani yake, na zinazokubalika ni zile zilizoidhinishwa. Kuswali, mahali popote pakavu kando ya njia panatosha. Sisi hutandika msala karibu na meza na hakuna aliyewahi kutusumbua. Maji ya udhu chukueni kwenye chupa, mto una kingo zenye utelezi na maji yake ni ya baridi hata Julai.

Baada ya hapo tupite wapi?

Kwenye njia hiyohiyo, kabla ya kufika kwenye shimo, kuna maporomoko mengine ya mto Brule, la chini na la juu, ambayo watu wanayapita mbio. Msiyapite mbio. Ukiendelea na barabara kuelekea mpakani utakuta hifadhi ya Grand Portage, ambako mto Pigeon unaanguka mita 37 hivi, na Canada iko ng'ambo ya maji. Njia ya pale ni fupi na nyepesi, ndiyo ninayompendekezea mzazi asiyeweza ngazi.

Halafu teremkeni hadi ziwani, mahali Brule unapoingia. Aliyekulia Mwanza, Kisumu au Bukoba atajisikia nyumbani kwa muda, hadi atakapoingiza mguu. Superior ndilo ziwa la maji yasiyo na chumvi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, kilomita za mraba 82,100, na linalofuata ni Nyanza letu, Victoria. Lakini Nyanza lina kina cha mita 80 hivi panapozidi, na hili linafika mita 406.

Picha nzuri hupatikana saa ngapi?

Siku ya mawingu, saa yoyote. Siku ya jua kali povu linakuwa jeupe mno na shimo jeusi mno, na kamera inashindwa kuvishika vyote viwili. Anzeni kutembea saa mbili asubuhi mkiwa mmelala Grand Marais, mtafika kwenye uzio kabla ya watu. Pigeni picha moja au mbili, halafu wekeni simu mfukoni na mchague kitu kimoja cha kufuata kwa macho: jani linalokuja na mkondo, au bonge la povu. Lifuateni mpaka kwenye jabali, mwone limechukua tawi lipi.